Waya wa Kuazima

Mashahidi watatu walikuwa wamesema neno moja, na hilo ndilo lililomkosesha Inspekta raha.

Aliyasoma maelezo yao tena akiwa amesimama karibu na dirisha la ofisi yake, chai ikimpoea mezani. Mpakiaji, mfagiaji na mlinzi wa lango, wote wa kiwanda cha gundi, kila mmoja alikuwa ameeleza kwamba siku ya ajali alimwona opereta "akizungusha ufunguo wa ulinzi kwa nia ovu na makusudi mazima." Mpakiaji kaona nia ovu. Mfagiaji kaona nia ovu. Mlinzi, ambaye lango lake liko upande wa pili wa ua, mbali kiasi kwamba ukitaka kumwita lazima upige mluzi, naye kaiona nia ovu, tena na makusudi mazima juu yake.

"Koplo," Inspekta aliita, "wewe na mama watoto mkisimulia harusi yenu, huwa mnapatana?"

Koplo alikuwa mtu mzima mwenye magoti yanayolalamika akiinuka, kwa hiyo hakuinuka. "Hatujawahi, Afande. Mimi nasema gari lilikuwa jeupe, yeye anasema la bluu."

"Na mlikuwa ndani yake wote wawili."

"Bega kwa bega."

"Basi hawa watatu hawakuona kitu. Wamekalishwa chini, wakafundishwa."

"Inawezekana, Afande. Lakini Mkuu hataki 'inawezekana'. Gari la mahakamani linaondoka saa nane."

Hapo ndipo palipouma. Wiki iliyotangulia, tangi la kwanza la kupikia gundi lilikuwa limefura, likarusha mfuniko, likammwagia fundi umeme wa kiwanda uji wa moto kuanzia mabegani hadi miguuni. Alifariki hospitalini. Opereta aliyekuwa zamu kwenye chumba cha kuongozea mitambo alikuwa shemeji yake, kwa sababu marehemu alimwoa dada mdogo wa opereta. Polisi walipomsachi walimkuta na ufunguo wa kuzimia ulinzi wa tangi. Ilijulikana pia kwamba siku za karibuni wawili hao walikuwa hawali tena meza moja. Ufunguo, ugomvi, mashahidi watatu: Mkuu wa kituo alikuwa keshaifunga kesi kichwani mwake, akabakiza kumsomea mtu shtaka la kuua. Na opereta mwenyewe, tangu akamatwe, alikuwa kimya kama maji ya mtungini. Hakukana wala hakukiri.

Inspekta aliuchukua ufunguo ndani ya mfuko wake wa plastiki, akaandika kwenye daftari la vielelezo kwamba umetoka naye, akavaa kofia. Kituo kizima kilimwita Bi Polepole asiposikia, kwa sababu swali moja huliuliza mara mbili na mlango uliofungwa huusukuma kwanza ahakikishe. Leo hakuwa na muda wa upole wake, na hilo lilimchukiza.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mjane wa fundi, mwanamke mjamzito mwenye macho makavu. Alikuja kila siku kuuliza swali lile lile.

"Mnampeleka saa ngapi?"

"Saa nane, mdogo wangu, kama hakuna jipya."

"Jipya gani tena," mjane alisema, akageuza uso ukutani.

Injinia mkuu wa kiwanda aliwapokea Inspekta na Koplo juu ngazini, shati limenyooshwa, meno yote nje. Wafanyakazi walimpa jina la Haizimi, kwa sababu ya kauli yake kwamba mitambo yake haizimi, na yeye alilivaa jina hilo kama medali. Chumba cha kuongozea kilikuwa na dirisha refu la kioo lililotazama chini kwenye ukumbi wa matangi. La kwanza lilifunikwa turubai. La pili lilikuwa linatoa mvuke.

Inspekta alisimama. "Mmewasha?"

"Wateja hawangoji matanga, dada Inspekta."

Mbele ya skrini aliketi opereta wa zamu ya mchana, mama wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani. Alisalimia bila kugeuka. Viganja vyake vilikuwa vimeloa, na kila mara alivifuta kwenye ovaroli.

"Nielezee ulinzi wenu," Inspekta alimwambia Injinia, "kama unavyomwelezea mtu asiyejua kitu."

Injinia hakuhitaji kubembelezwa. "Kila tangi lina vipimajoto vitatu. Kompyuta inavisikiliza vyote. Viwili vikisema moto umezidi, inakata mvuke na kufungulia maji ya kupoza, haimsubiri mtu. Kimoja kikiharibika, viwili vinabaki kazini. Kompyuta zenyewe ziko mbili: hii ikizimika, ile inashika usukani kabla hujapepesa jicho. Na kila namba inatumwa mtandaoni, inahifadhiwa kwenye seva za miji miwili. Jengo hili likiungua lote, kumbukumbu zipo. Hapa hakuna kitu kimoja kinachoweza kufa kikatuangusha. Labda binadamu."

"Binadamu mwenye ufunguo."

"Umenisaidia kusema."

Inspekta aliutoa ufunguo mfukoni mwake. Kwenye meza ya kuongozea kulikuwa na vitasa viwili, kimoja kwa kila tangi, na kila kitasa kiliandikwa LINDA upande mmoja na ZIMA upande wa pili. Aliuingiza kwenye kitasa cha tangi la kwanza, lile lililokufa, akazungusha hadi ZIMA. Kisha akajaribu kuuchomoa. Haukutoka. Akavuta tena.

"Umekwama," Koplo alisema.

"Haujakwama," mama wa zamu alisema kabla hajajizuia. "Ndivyo ulivyotengenezwa. Ukiwa kwenye ZIMA hautoki mpaka uurudishe kwenye LINDA. Ili mtu asizime akaondoka nao."

Inspekta aliurudisha kwenye LINDA, ukatoka bila shida. Injinia alimtazama mama yule jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyemwaga mtama mbele ya wageni.

"Koplo, siku ile ufunguo ulikuwa wapi?"

"Mfukoni mwake, Afande. Niliutoa kwa mkono wangu. Na nilimkuta bado ameketi kwenye kiti hiki hiki."

"Ungekuwa umezima, ungekuwa hapa kitasani."

"Labda alizima," Injinia alidakia, "tangi likafura, akaurudisha haraka, akautia mfukoni. Watu watatu wamemwona!"

"Watu watatu wamemwona, ndiyo." Inspekta hakupandisha sauti. "Hebu nionyeshe hizo kumbukumbu zisizoungua."

Injinia aliita picha kwenye skrini ya pembeni. Mstari wa bluu ulipanda taratibu, ukatambaa chini ya mstari mwekundu wa hatari, ukaendelea kutambaa, kisha ukakatika.

"Hapo ndipo mfuniko uliporuka?"

"Hapo."

"Joto lilifika kwenye mstari mwekundu?"

"Halikufika. Ndiyo maana nasema vifaa vyangu havina kosa."

"Sasa nisaidie, maana mimi ni mzito wa kuelewa. Ulinzi unangoja vipimajoto viwili viseme moto umezidi. Hapa hakuna hata kimoja kilichosema. Basi ulinzi uwe umewashwa, uwe umezimwa, matokeo ni yale yale. Opereta alizima nini?"

Injinia alianza kurekebisha kola ya shati lake.

"Ama namba zako ni za kweli na ufunguo haukuwa na kazi," Inspekta alisema, "ama ufunguo ulikuwa na kazi na namba zako ni za uongo. Huwezi kuniuzia vyote viwili." Alisogea karibu na skrini. "Na mbona mstari ni mmoja? Si ulisema vipimajoto vitatu?"

"Vimelaliana. Vinapima tangi moja."

"Vipanue nione namba."

Injinia alisita. Mama wa zamu hakuambiwa, lakini mkono wake ulienda wenyewe kwenye vitufe. Namba zilitokea safu tatu. Mia na nane nukta nne, mia na nane nukta nne, mia na nane nukta nne. Mstari uliofuata, mia na nane nukta tano, mara tatu. Hivyo hivyo hadi mwisho.

Inspekta aliziangalia kama alivyoyaangalia yale maelezo asubuhi. Nyumbani alikuwa na vipimajoto viwili vya homa, na havijawahi kukubaliana hata kwa mtoto mmoja. Vitu vitatu vilivyochomekwa sehemu tatu za tangi, kimoja chini, kimoja kati, kimoja juu, vinasema neno kwa neno hadi nukta. Vimefundishwa na nani?

"Mji wa kwanza umehifadhi hivi?" aliuliza.

"Na wa pili pia. Nakala zinafanana kabisa."

"Zimenakili uongo mmoja kwa uaminifu mkubwa," Inspekta alisema. Kisha akageuza macho kwenye skrini kubwa, ile ya tangi linalochemka wakati ule ule chini yao. Mia na tisa nukta mbili. Mia na tisa nukta mbili. Mia na tisa nukta mbili.

Aliisogelea meza ya kuongozea.

"Mama," alimwambia opereta wa zamu kwa sauti ndogo, "hizi namba zimekaa hivi tangu lini?"

"Tangu nikae hapa hazijasogea sana, Afande."

"Na wewe unatokwa jasho la nini?"

Mama alimtupia Injinia jicho, akanyoosha kidole kwenye saa ya mshale iliyokuwa pembeni. "Mota ya kukorogea. Mshale unapanda."

"Maana yake?"

"Mota inalemewa. Gundi inakuwa nzito."

"Na gundi huwa nzito ikifanyaje?"

"Ikipata moto kupita kiasi," mama alisema.

Sasa wote waliisikia. Chini ya sakafu, ile ngurumo iliyokuwa ya kawaida ilikuwa imeanza kukwaruza, ikivuta pumzi na kuachia. Wapakiaji wawili walipita karibu na tangi wakisukuma toroli. Mmoja alikuwa anacheka.

Inspekta alikitazama kitufe chekundu kikubwa katikati ya meza. "Hiki ndicho cha kuzimia kwa mkono?"

"Usikiguse!" Injinia aliruka. "Kipo kwa dharura. Vipimajoto vitatu vinasema hakuna dharura! Kuna amri yangu: bila kompyuta kusema, mkono wa mtu usizime. Unajua hasara ya tangi zima kuganda?"

"Mama, mbona wewe hukukibonyeza?"

"Aliyekibonyeza mara ya mwisho alikuwa opereta kama mimi," mama alijibu. "Sasa anabeba magunia ghalani. Nina watoto, Afande."

Injinia alisimama kati ya Inspekta na meza. Koplo, pamoja na magoti yake, alifika hapo kabla ya mtu kumtarajia, akamsogeza Injinia pembeni kwa kifua tu, bila kutumia mikono. Inspekta akakibonyeza kitufe kwa kiganja kizima.

King'ora kililia. Chini ukumbini mvuke ulikatika, maji ya kupoza yakaingia kwenye koti la tangi, lile ganda lake la nje, kwa kishindo, mabomba yakagonga ukutani. Mama wa zamu alipiga kelele kwenye kipaza sauti watu watoke. Toroli iliachwa katikati ya njia. Tangi lilitetemeka, mfuniko wake ukatoa mluzi mwembamba, na kwa muda ambao hakuna aliyependa kuuhesabu, wote walisimama nyuma ya kioo wakilitazama. Kisha mluzi ukapungua. Ukafa.

Mama alishuka na kipimajoto kirefu cha mkononi, kile cha fimbo, akakitumbukiza kwenye tundu la mfuniko. Aliporudi alikuwa na uso wa kijivu.

"Mia thelathini na moja," alisema. "Na maji yamekwisha kulipoza."

Skrini bado ilisema mia na tisa, mara tatu. Mama aliketi sakafuni, akalia kwa kwikwi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Walipolifungua boksi la nyaya ubavuni mwa tangi la pili, haikuhitaji shahada kuelewa. Vipimajoto viwili vilikuwa vimefunguliwa, ncha za nyaya zao zimeviringwa utepe. Kutoka kile cha tatu zilitoka nyaya fupi nyekundu zilizopeleka namba yake kwenye nafasi zote tatu. Kompyuta ilidhani inasikiliza watatu, kumbe anasema mmoja. Na yule mmoja walipomchomoa alikuwa amevaa koti la gundi kavu, nene kama kidole gumba, ndani yake hajui moto wa nje.

"Tunaita kuazima," mama wa zamu alieleza, akifuta uso. "Kikiharibika kimoja, unaazima kwa mwenzake wakati unakitengeneza, ili kompyuta isikatae kupika. Kazi ya muda mfupi. Ila vipya havikuja, basi ikawa ndiyo maisha."

"Nani alifunga hizi?"

"Fundi umeme. Marehemu."

"Kwa amri ya nani?"

Mama alimtazama Injinia, na Inspekta hakumlazimisha. Jibu la mtu anayemwogopa mkubwa wake wa kazi lisingefika mbali mahakamani.

Injinia alikuwa amepata tena pumzi. "Umemsikia. Fundi alifunga kwa ujinga wake, kwenye matangi yote mawili, kaficha. Boksi la tangi la kwanza limeungua lote. Unataka kumkamata nani, dada Inspekta? Mkamate marehemu."

Inspekta alizikata zile nyaya nyekundu, akazitia kwenye mfuko wa plastiki. "Wewe utatusindikiza kituoni," alisema. "Kuketi tu, kwa sasa."

Gari la mahakamani lilikuwa tayari uani walipofika, dereva ameegemea mlango. Mkuu wa kituo aliwapa nusu saa na uso wa kuonyesha kwamba hata hiyo ni zawadi.

Opereta aliletwa chumba cha mahojiano bila viatu. Inspekta aliketi mbele yake. Alizimwaga nyaya mezani.

Mwanamume yule aliziinamia. "Tangi la pili," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu akamatwe. "Mmelizima?"

"Nimelizima mimi. Hakuna aliyeumia."

Aliufunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Inspekta alimwacha alie, ingawa dereva alikuwa ameanza kupiga honi uani.

"Nitakuambia," opereta alisema hatimaye. "Ila dada yangu asijue yote."

"Yote yapi?"

"Nianze na nyaya. Injinia alikuja mwenyewe nyumbani kwa dada, Jumapili, mimi nikiwa pale tunakula. Alisimama mlangoni, hata kuketi hakuketi. Akamwambia shemeji aazime kwenye matangi yote mawili mpaka vipya vije, na asiyetaka, kiwandani kuna mlango wa kutokea. Shemeji akafunga. Mimi nilimwambia asifunge, ndipo tukakosana."

"Na siku ya ajali?"

Opereta alizisogeza nyaya mbali naye kwa kidole. "Nilisikia mota inalemewa na namba zimetulia tu. Nikajua kipimajoto kimelala. Kitufe kiko hapa, mkono wangu uko hapa. Sikubonyeza."

"Magunia."

"Magunia. Nikampigia shemeji. Alikuwa nyumbani kwa chakula, ni nyuma ya ukuta wa kiwanda tu. Nikamwambia njoo ukatoe nyaya. Akizitoa, kompyuta inaona vipimajoto viwili vimekufa, inazima yenyewe. Mkono wa mtu hauonekani. Kompyuta hawaihamishii ghalani." Alimeza mate. "Alikuja mbio. Nilimwona kupitia kioo akipiga magoti kwenye boksi. Hata bisibisi hajaitia. Ndipo mfuniko ukaruka."

Inspekta alisikia huruma na hasira kwa pamoja, asijue ipi itangulie. "Na ulikuwa radhi ufungwe kwa ufunguo ambao hukuuzungusha, ili dada yako asijue kwamba ulimwita."

"Akinichukia kwa jambo ambalo sikulifanya, naweza kuishi nalo, Afande. Mtoto akizaliwa ataniita mjomba. Nitamwambia nini?"

"Kwa maneno yako peke yako siwezi kitu. Wewe ni mshtakiwa. Kila mshtakiwa ana mtu wa kumsukumia."

"Basi nipeleke."

Inspekta alitoka akaufunga mlango. Korido nzima ilikuwa na hatua chache tu, na alizitembea polepole kuliko kawaida yake. Alihitaji shahidi wa pili, tena ambaye hajazungumza na huyu wa kwanza hata kidogo. Katika mji mzima alikuwepo mmoja wa aina hiyo, na ndiye aliyetaka zaidi ya wote opereta apande lile gari.

Alimwita mjane ofisini, akamvutia kiti chenye mto. Hakumwonyesha nyaya. Hakumwambia lolote la kiwandani.

"Mdogo wangu, kuna mtu wa kazini aliyewahi kuja kwenu kuzungumza na mumeo?"

"Injinia," mjane alijibu pale pale. "Jumamosi moja. Aliketi kwenye kiti cha mume wangu, nikampa maji, hakuyanywa. Alitaka nyaya ziazimwe kwenye matangi mawili. Akasema asiyetaka, mlango wa kutokea upo."

Koplo, aliyekuwa anaandika, aliinua kichwa. "Afande, huyu anasema Jumamosi, na..."

"Andika alivyosema, Koplo. Na kwamba aliketi." Inspekta alilinganisha maelezo hayo kichwani. Siku tofauti, mmoja anasema alisimama na mwingine anasema aliketi, lakini mgeni ni yule yule na amri ni ile ile. Hawa hawakufundishwa na mtu. "Kwa nini hukutueleza?"

"Mliniuliza? Mliniuliza kama kaka alikuwa na ugomvi na mume wangu. Nikasema ndiyo." Aliweka mkono tumboni. "Kaka hakuzungusha ufunguo wowote. Hilo nalijua."

"Unalijuaje?"

"Simu ilipolia mume wangu alikuwa anakula. Mikono ina mchuzi, kwa hiyo aliifungulia sauti. Nilimsikia kaka yangu kama ninavyokusikia wewe. Njoo haraka ukatoe nyaya. Mume wangu aliondoka hajanawa." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Kile kitufe chekundu nakifahamu, mume wangu alinichorea siku moja tukicheka. Kiko mbele ya kiti. Kaka alikuwa ameketi mbele ya kitufe, akamwita wa kwangu aje apige magoti mbele ya moto."

Koplo aliacha kuandika.

"Ulijua anashtakiwa kwa kosa lisilo lake," Inspekta alisema, "ukanyamaza."

"Lake analo. Mlilikosea jina tu."

Honi ilipigwa tena uani, ndefu. Mlango ulifunguka kidogo, Mkuu akachungulia, akaiona sura ya Inspekta, akaufunga.

"Sikiliza, mdogo wangu. Nikikuandika maelezo haya ukayatia sahihi, Injinia analala ndani leo. Usipotia, nina nyaya zilizofungwa na marehemu na maneno ya mshtakiwa. Injinia atatoka kwa miguu yake, na kiwanda kitawasha kesho."

"Na kaka?"

"Ukitia, anatoka. Usipotia, gari linangoja."

Mjane aligeukia dirishani. Gari lilikuwa pale, mlango wa nyuma wazi, na dereva anafuta kioo. Kisha akageukia meza.

"Nipe kalamu," mjane alisema.

Alitia sahihi, akainuka kwa kujishika meza. "Mfungulieni. Lakini nyumbani kwangu asije. Asije leo, asije mtoto akizaliwa. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

Injinia alikuwa mapokezi akipiga simu kwa watu wakubwa. Koplo alimpokonya simu kwa adabu zote, akamfunga pingu, na mikono ile iliyozoea kutoa amri ilionekana haijui pa kukaa. Gari la mahakamani liliondoka tupu.

Inspekta alikwenda mwenyewe mahabusu na viatu vya opereta na mkanda wake. Alifungua mlango, akavitua kwenye benchi.

"Uko huru. Injinia ameshikwa."

Opereta alivaa kiatu kimoja haraka, kamba hazijafungwa. "Dada yangu yuko nje?"

"Ameondoka."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Alikuwa anajua. Mumewe aliifungulia simu sauti."

Mkono wa opereta ulibaki ndani ya kiatu cha pili. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Kila siku alipokuja hapa kukaa kwenye lile benchi..."

"Alikuwa anajua."

"Amesema nini?"

Inspekta alitamani kulipunguza. Angeweza kusema dada anahitaji muda, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Lakini aliagizwa, na aliyeagiza alikuwa amelipa kwa sahihi yake. Alimwambia neno kwa neno.

Opereta alisikiliza hadi mwisho. Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyesomewa hukumu na kuiona ya haki. Kisha akakivua kile kiatu alichokwisha kuvaa, akakipanga sawasawa na mwenzake chini ya benchi, akaketi.

"Bwana, umesikia?" Koplo alisema kutoka mlangoni. "Umeachiwa. Nenda."

"Nimesikia, mzee wangu. Naomba nikae kidogo."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta aliutoa ufunguo wa mahabusu kitasani, akauacha mlango wazi, akarudi ofisini kwake. Askari wa zamu ya jioni walipokuja kukagua, walimkuta opereta bado ameketi pale.